Vigelegele Vilivyofungwa

Tunu alipiga debe kwa mwiko wa chuma, karibu kabisa na kisogo cha mteja, na mteja hakugeuka. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mbwa wa duka la jirani akabweka. Mteja, mama mnene aliyejifunga kitenge cha njano, aliendelea kutabasamu akitazama ukuta, kama mtu aliyekaa peke yake kanisani siku ya kazi.

"Mnaona?" Tunu aliwaambia waliokuwa kwenye benchi la kusubiri. "Mume akikoroma, wewe unaota umeolewa na mwingine."

"Na mke akiniita, mimi nitajuaje?" aliuliza mzee mmoja.

"Baba, si ndiyo sababu umekuja?"

Benchi zima lilicheka. Nyamizi, aliyekuwa nyuma ya meza ya kukatia pedi za masikio, hakucheka. Alikuwa amefanya kazi katika duka lile kwa miaka saba, na watu walimjua kama mwanamke mpole asiye na maneno mengi. Walikosea. Nyamizi hakuwa mpole. Alikuwa anasubiri.

Jiji la Itigi lilikuwa na minara ya upepo mia nne na kumi, mirefu kuliko jengo lolote. Minara hiyo ndiyo iliyowasha taa za nusu ya nchi, na ndiyo iliyowanyima watu wa Itigi utulivu. Mvumo wake haukukoma mchana wala usiku. Uliingia kwenye vyumba, kwenye masufuria, kwenye meno. Kwa hiyo watu walivaa vikimya.

Kikimya kilikuwa na vikombe viwili vya kufunika sikio lote, vilivyounganishwa na upinde wa kupita juu ya kichwa. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo iliyosikiliza kila sauti inayokuja, kisha ikatengeneza sauti iliyo kinyume chake. Sauti mbili hizo zilipokutana mlangoni mwa sikio ziliuana, na mtu akabaki na kimya. Lakini kikimya hakikuua kila kitu. Kilifuata orodha. Mteja alichagua sauti za kufunga na sauti za kuacha, na mashine ikatii.

Zilikuwepo aina tatu. Punje ilikuwa nyepesi, ya kutembea nayo mjini. Boga ilikuwa nene, ya watu wanaoishi chini ya minara. Kobe ilikuwa nzito yenye gamba gumu, ya viwandani. Wengi walikuja wakachagua kwa rangi, na Nyamizi akawarudisha kwenye kiti.

"Vaa kwanza nusu saa," alikuwa akiwaambia. "Kikikubana dakika ya tano, dakika ya thelathini utakitupa. Kama unavaa miwani, chukua pedi laini, maana mkono wa miwani unaacha upenyo na kelele itapita hapo hapo. Kama umesuka, upinde usikae juu ya mstari wa nywele. Usiangalie uzuri. Tikisa kichwa, inama, tafuna kitu. Kikibaki mahali pake, hicho ni chako."

Kulikuwa na jambo moja ambalo wateja hawakuliuliza, na Nyamizi hakulitaja. Sauti iliyofungwa haikupotea. Ili mashine ijifunze, kila sauti iliyoiua iliitunza mahali padogo ndani ya kikombe cha kushoto. Mafundi walipaita jaa. Jaa la vikimya vya nyumbani lilijifuta kila wiki. La vikimya vya kiwandani halikujifuta kamwe, wala halikufunguka isipokuwa kwa sauti ya mtu aliyeweka orodha. Ilimbidi aseme jina lake na maneno ya kiapo, yale yale, kwa koo lake mwenyewe. Mtu mwingine akiyasema, hata kwa kuigiza, jaa lilinyamaza.

Nyamizi alilijua hilo kwa sababu kwenye droo yake, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa na Kobe moja kuukuu yenye ufa, aliyotoka nayo kiwandani. Alikuwa ameiunganisha na kipaza sauti cha mezani kwa waya mwembamba uliopita chini ya ubao. Waya huo ulikuwa pale tangu wiki yake ya kwanza ya kazi.

Na siku hiyo, Jumatano asubuhi, kabla hajainua macho, aliisikia sauti aliyokuwa akiingojea.

"Naomba mnisaidie kwa haraka kidogo. Hilo debe linaniua."

Nyamizi aliweka mkasi chini. Mwanaume aliyesimama mlangoni alikuwa amezeeka kuliko alivyomkumbuka. Mabega yalikuwa yameshuka, nywele zimekuwa nyeupe, na mikono yote miwili ilikuwa imeziba masikio. Lakini sauti ilikuwa ile ile, nzito, ya mtu aliyezoea kujibiwa. Injinia Gervas Mahimbo.

Tunu aliliweka debe sakafuni taratibu. "Samahani, baba. Pita kwa dada pale. Yeye ndiye fundi wa wenye masikio magumu."

Injinia alikaa mbele yake. Hakumtambua. Angemtambuaje? Wakati ule Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tisa, amevaa ovaroli na barakoa, mmoja kati ya wanawake mia na ishirini ambao yeye aliwahesabu kwa namba za mgongoni.

Ilibidi amsalimie. Mtu mzima hukai naye meza moja bila kumsalimia, hata ukimchukia.

"Shikamoo," Nyamizi alisema. Neno lilitoka kama mfupa.

"Marahaba, binti. Hujambo?" alijibu bila kufikiri.

Akaitoa marahaba yake hivi hivi, kama mtu anayepeperusha nzi. Nyamizi alimtazama mdomoni. Neno hilo hilo, yeye alikuwa hajalipata kwa mama yake kwa miaka kumi na moja.

*

Kiwanda kile kilichambua betri kuukuu za magari kutoka nchi nyingi. Mikanda mirefu ya mpira ilizibeba betri mbele ya wanawake, nao wakatoa madini kwa mkono, na zilizobaki zikaingia kwenye kinu. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba king'ora cha hatari chenyewe kilisikika kama mbu. Kwa hiyo wanawake walikuwa na njia yao. Walitumia vigelegele. Vigelegele vifupi vitatu: simamisha mkanda. Kirefu kimoja: mwenzetu amejifungua salama, au zamu imekwisha. Hakuna aliyewafundisha. Walianza wenyewe, na vilipenya kelele za kinu kama sindano inavyopenya gunia. Hata walipopewa vikimya vya Kobe, vigelegele viliachwa wazi kwenye orodha.

Kisha Injinia Mahimbo akagundua kwamba kila vigelegele virefu vilipopigwa, wanawake waliinua vichwa, wakacheka, wakaulizana ni mtoto wa kike au wa kiume, na kazi ikapungua kwa dakika nne. Jumatatu moja, bila kumwambia mtu, aliviingiza kwenye orodha ya sauti za kufungwa. Vikimya mia na ishirini vilipokea amri kwa pamoja, hewani.

Wanawake hawakujua. Na hii ndiyo sehemu iliyokuwa ikimwamsha Nyamizi: hawangeweza kujua. Mtu huisikia sauti yake mwenyewe kupitia mifupa ya kichwa. Kila mmoja alipopiga vigelegele alivisikia vyake waziwazi, akaamini na wenzake wamevisikia.

Jumatano ya wiki hiyo, Nyamizi alikuwa mlinzi wa mkanda, juu ya jukwaa la ngazi kumi na nane. Alikuwa anatazama upande wa magari yanayoshusha mizigo. Alipogeuka, alimwona dada yake Kabula amenaswa mkono wa ovaroli, mkanda ukimvuta kuelekea kinu. Alibonyeza king'ora. King'ora hakikulia, waya wake ulikuwa umekatika kwa wiki tatu. Akampigia mwanamke wa swichi ya kuzimia mkanda vigelegele vitatu. Akapiga tena vitatu. Mwanamke wa swichi alikuwa hatua kumi kutoka kwake, amempa mgongo, anafuta jasho. Hakugeuka. Nyamizi alishuka ngazi zote kumi na nane akikimbia, na hakuwahi.

Kwenye baraza la uchunguzi, mwanamke wa swichi aliapa kuwa hakusikia kitu, na alisema kweli. Injinia Mahimbo alisimama akiwa na suti ya kijivu akasema king'ora kilikuwa kizima, vigelegele havikuwahi kufungwa, na kwamba mlinzi wa mkanda hakutoa ishara yoyote. "Binti alizubaa," alisema. "Ni jambo la kusikitisha."

Mama yao alikuwa amekaa safu ya mbele. Alimgeukia Nyamizi, akamtazama muda mrefu, kisha akarudisha uso mbele. Kuanzia siku ile, kila Jumapili Nyamizi alikwenda mtaa wa Stesheni kumwona, akasimama kwenye kizingiti akasema, "Shikamoo, mama." Mama aliendelea kuchambua mchele. Chakula alimpa. Kitanda alimpa, mvua ikimkuta. Kuitikia salamu, hapana.

Watu bado walimwita Mama Kabula.

*

"Masikio yangu yameharibika," Injinia alikuwa akieleza. "Siyo uziwi. Afadhali uziwi. Nasikia kila kitu, na kila kitu kinaniumiza. Kijiko kikigonga sahani ni kama kisu. Daktari anasema ni miaka ya kiwandani."

"Kiwanda gani?" Nyamizi aliuliza.

"Cha betri. Kilishafungwa."

"Ulikuwa unavaa kikimya huko?"

Injinia alitabasamu kidogo. "Sisi wa ofisini hatukuvaa. Tulikuwa tunapita tu."

Nyamizi alichukua mpimasikio, kifaa kama konokono wa kioo, akakiweka kwenye sikio la kulia la yule mtu. Miale midogo ya kijani ilizunguka ndani, na umbo la sikio likajichora hewani, juu ya meza, mikunjo yote. Lilikuwa sikio la kawaida. Alishangaa. Miaka yote alikuwa amelidhania kuwa na umbo lingine.

"Unavaa miwani. Punje haitakufaa, itaacha upenyo. Kobe itakuchosha shingo." Alisikia sauti yake ikitoka tulivu, sauti ya fundi. "Chukua Boga, pedi ya kitambaa laini. Unataka kwa ajili ya nini hasa? Kulala?"

"Harusi." Uso wa Injinia ulibadilika. "Binti yangu anaolewa Jumamosi hii. Mimi ndiye nitakayemkabidhi. Lakini ukumbi wenye watu mia tano, ngoma, spika, viti vinavyoburutwa, nitaanguka, binti. Nifungie vyote."

"Vyote?"

"Ngoma, spika, vyombo, makofi, watu wakiongea, hata mchungaji, Mungu anisamehe." Alizungusha pete kidoleni. "Acha vigelegele."

Mkono wa Nyamizi ulisimama juu ya ubao wa orodha.

"Umesema?"

"Vigelegele. Viache wazi. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Angekuwa hai, yeye ndiye angepiga vya kwanza, binti yetu akitolewa. Kule kwao hawana mchezo na vigelegele. Nimekubali kukosa mengine yote. Hivyo nataka nivisikie."

Kwa miaka saba Nyamizi alikuwa amepanga mengi. Usiku mwingine alikuwa amepanga kumfungia honi za treni ya sumaku, ile inayopita katikati ya mji bila mvumo wowote, ili siku moja avuke reli akiwa kwenye kimya chake. Lilikuwa jambo la dakika moja. Hakuna ambaye angejua. Alipomtazama mzee yule akizungusha pete, wazo hilo lilirudi likiwa tamu, akaliacha likae mdomoni kidogo. Kisha akalitema. Akifa, nani angemwambia mama?

"Sawa," alisema. "Vigelegele wazi, vingine vyote vimefungwa. Ila nikueleze sheria yetu. Orodha ikishaapiwa haibadiliki kwa siku saba, mpaka sikio lizoee. Ukijuta kesho, siwezi kukusaidia, wala fundi mwingine yeyote."

"Sitajuta."

"Basi sogea kwenye kipaza sauti. Taja jina lako kamili, halafu soma maneno haya. Polepole, kwa sauti yako ya kawaida."

Chini ya meza alifungua droo kwa goti. Injinia alikohoa, akarekebisha miwani.

"Mimi, Gervas Petro Mahimbo, nimezifunga sauti hizi kwa ridhaa yangu, na ninajua ninachofunga."

Boga mpya ililia mlio mmoja mfupi mezani. Sekunde iliyofuata, kutoka kwenye droo, mlio wa pili ulisikika, wa zamani, wenye mikwaruzo.

"Jaa limefunguliwa," ilisema sauti ya mashine kupitia spika za duka. "Kobe namba sabini na tatu. Mtumiaji: Kabula Masanja. Sauti iliyoongezwa kwenye orodha Jumatatu: vigelegele. Aliyefunga: Gervas Petro Mahimbo. Sauti za mwisho zinafuata."

Tunu aligeuka, mwiko mkononi. Injinia aliinua kichwa, na Nyamizi akaona jina Masanja likimshukia taratibu usoni kama maji kwenye ukuta.

"Hii ni nini?"

"Mimi ni namba sabini na nne," Nyamizi alisema. "Binti aliyezubaa."

Kelele za kinu zilijaa dukani. Injinia alijikunja akaziba masikio. Nyamizi alikuwa amesikia sauti hii kichwani mwake mara elfu, na alijua kitakachofuata: kinu, kisha vigelegele vyake vitatu, kisha vitatu tena, na mbele ya watu wote hawa jina lake lingesafishwa. Alisimama wima. Alikuwa amejiandalia hotuba nzima.

Vigelegele vilisikika. Lakini havikuwa vyake.

Vilikuwa na mkato katikati, upepo ukipenya kwenye pengo la meno ya mbele. Katika Itigi nzima mtu mmoja tu alipiga vigelegele vya namna ile, na watoto wa mtaa wa Stesheni walizoea kumwigiza. Vitatu vifupi. Kimya kidogo. Vitatu tena. Kisha sauti ya Kabula mwenyewe, iliyofungwa pamoja navyo, ikiwa juu:

"Nyamizi! Geuka huku! Nyamizi!"

Vitatu tena. Vilikuwa karibu sana, kwenye kifaa chenyewe. Saa ya mashine ilihesabu kwenye ubao wa orodha: sekunde ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Kabula alikuwa amemwita kwa sekunde arobaini na moja. Alikuwa ameita kwa utulivu kwanza, kama mtu anayejua ataitikiwa.

Kwenye sekunde ya arobaini na mbili, kwa mbali, juu ya jukwaa, vigelegele vya Nyamizi vilianza. Vitatu. Vitatu tena. Vilikuwa wazi, vikali, visivyo na shaka yoyote. Ushahidi aliokuwa ameungoja miaka kumi na moja ulikuwa unalia dukani, na yeye hakuusikia vizuri, kwa sababu alikuwa bado kwenye zile sekunde arobaini na moja.

Rekodi iliisha kabla ya mwisho. Kikombe kilikuwa kimepasuka mapema. Kwa hilo alishukuru.

Kwenye benchi, mama wa kitenge cha njano alikuwa amevua kikimya chake. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tuliambiwa hamkupiga," alisema. "Mimi nilikuwa mkanda wa pili. Miaka yote hii nimesema yule binti alilala."

Injinia Mahimbo alikuwa bado ameinama. Alipoongea, hakumtazama.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Alikuita wewe kwanza. Hukugeuka."

Tunu aliinua mwiko. "We mzee, nitakupasua hapo hapo!"

"Mwache, Tunu." Nyamizi alikaa. "Anasema kweli. Aliniita na sikumsikia. Nilikuwa nimevaa ulichonifungia, Injinia."

Hotuba aliyoiandaa Nyamizi ilikuwa na matusi mengi mazuri, na hakuna hata moja lililomjia. Badala yake alifanya alichokijua. Aliichukua Boga mpya, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akakaza upinde kwa kipimo cha kichwa kile, akaiweka kwenye boksi lake.

"Chukua. Iko tayari."

Injinia alilitazama boksi. Polepole alianza kuelewa. "Vifunge," alisema. "Vile... vifunge navyo."

"Orodha umeshaiapia. Ni siku saba."

"Harusi ni Jumamosi!"

"Unaweza kwenda bila kuvaa. Utasikia ngoma, spika, viti, vijiko. Ukivaa, hutasikia chochote cha dunia hii isipokuwa vigelegele. Nimeviacha wazi, kama ulivyosema. Vitakuja safi sana, baba. Hata pumzi ya anayepiga utaisikia."

"Wewe ni mwanamke mkatili," Injinia alisema kwa sauti ndogo.

"Nafuata nyayo zako."

Aliondoka na boksi. Alilichukua, hakuwa na namna. Mlangoni watu wawili walisogea kumpisha, mbali kuliko ilivyohitajika.

Mchana huo huo Nyamizi alitoa nakala ya jaa akaipeleka Baraza la Kazi, na karani aliyeipokea alisikiliza mwanzo tu akaenda kumwita mkubwa wake. Kesi ilifunguliwa upya. Injinia aliitwa kuhojiwa wiki iliyofuata.

Kabla ya hapo ilipita Jumamosi. Dada wa Tunu alikuwa mpishi kwenye harusi hiyo, na Tunu aliileta habari yote, moto. Baba wa bibi harusi alikaa mbele amevaa Boga, ametulia kama sanamu wakati spika zinatikisa ukumbi. Ndipo mlango ukafunguliwa, binti akatolewa, na shangazi zake, wanawake thelathini, wakaachia kwa pamoja. Baba aliruka kwenye kiti. Akavua kikimya, ngoma ikampiga, akakivaa tena, vigelegele vikampokea, akakivua tena. Mwishowe alitoka nje kwa mlango wa jikoni, akapita kati ya masufuria, na binti akakabidhiwa na mjomba.

"Alikuwa analia," Tunu alisema. "Yule bibi harusi pia. Alikuwa anamtafuta kwa macho ukumbi mzima."

Nyamizi alikuwa ametamani habari kama hiyo kwa miaka. Ilikuwa tamu, hakuweza kujidanganya. Ilikuwa tamu mpaka aliposikia habari ya bibi harusi. Binti huyo hakuwahi kufunga sauti ya mtu yeyote.

*

Jumapili alibeba ile Kobe yenye ufa na spika ndogo ya dukani mpaka mtaa wa Stesheni. Njiani alikuwa na swali moja tu. Angeweza kukata. Ilikuwa kazi nyepesi kwa fundi kama yeye: kuondoa sekunde arobaini na moja za mwanzo, kuacha vigelegele vyake peke yake. Mama angesikia kwamba binti mdogo alitoa ishara. Asingesikia binti mkubwa akiita bila kuitikiwa. Jina lingekuwa safi, bila doa.

Alisimama kwenye kona karibu na bomba la maji, kidole kikiwa juu ya kitufe, muda wa kutosha ndoo tatu kujaa. Kisha akakumbuka mtu aliyekuwa amekaa ofisini, akaamua peke yake wengine wasikie nini. Aliondoa kidole.

Mama alikuwa barazani na ungo wa mchele magotini.

"Shikamoo, mama."

Mama alitoa kokoto, akaitupa.

Nyamizi hakuingia kula kama siku zote. Alikaa chini, akaweka spika kwenye mkeka kati yao, akasema, "Mama, hii ni ya Kabula. Ni nzima, sijakata kitu. Mwanzo wake unaniua. Nakuomba usikilize hata hivyo."

Akabonyeza.

Kinu kilinguruma. Vigelegele vyenye mkato vilitoka, na vidole vya mama vikaganda ndani ya mchele. Sauti iliita, "Nyamizi! Geuka huku!" Mama alifumba macho. Nyamizi hakuyafumba. Alijilazimisha kuzihesabu zote, moja baada ya nyingine, mpaka arobaini na moja. Kisha vikaja vile vya mbali, vya msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akipiga kwa nguvu zote za kifua chake, vitatu, halafu vitatu, kwa watu waliofungwa masikio. Kisha ufa, na kimya.

Minara iliendelea kuvuma juu ya mabati. Ungo ulikuwa umeinama, na mchele ulikuwa unamwagika kidogo kidogo kwenye mkeka bila mama kuuona.

"Rudisha," alisema mwishowe.

"Wapi, mama? Mwanzo?"

"Hapana. Pale unapopiga wewe."

Nyamizi alirudisha. Mama aliinama karibu na spika, sikio likagusa kabisa, akasikiliza vitatu, na vitatu tena. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa. Aliunyoosha ungo, akakusanya mchele uliomwagika kwa kiganja, akautazama uso wa mwanawe kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Marahaba," alisema.